Gari Lililoumia Njiani
(Dominika ya Pili ya Pasaka. Injili: Yohane 20:19–31)

Ndugu wapendwa katika Kristo, ninyi mnaonisikiliza majumbani mwenu, na hasa ninyi wagonjwa na wazee ambao leo hamkuweza kufika kanisani: Injili ya Dominika hii haibadiliki. Masomo ya Misa huzunguka kwa miaka mitatu, lakini Injili hii Kanisa hutusomea kila mwaka, juma moja baada ya Pasaka. Mitume wamejifungia ndani kwa hofu. Yesu anaingia, milango ikiwa imefungwa, anawatakia amani, kisha anawaonyesha mikono yake na ubavu wake. Baada ya hapo anawavuvia Roho Mtakatifu na kuwakabidhi mamlaka ya kuondoa dhambi. Kwanza majeraha, halafu maondoleo. Mwinjili ameyaweka mambo hayo mawili jirani kabisa, nami leo napenda tuyatazame yakiwa jirani hivyohivyo.

Nitatumia mfano wa magari ya mashindano. Najua akina mama wengine watasema padre leo amewaletea vijana mambo yao. Lakini kwa miaka mingi Pasaka katika Afrika Mashariki ilikuwa pia majira ya Safari Rally. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadaye yalizoeleka kufanyika siku za Pasaka, wakati mvua za masika zimekolea na barabara za udongo zimegeuka kuwa tope tupu. Wazee wa Mbulu, jirani zetu wa kaskazini, waliyaona magari hayo yakipanda na kushuka milima yao. Tangu katikati ya miaka ya 1970 njia zake zimekuwa ndani ya Kenya. Baada ya mwaka 2002 mashindano hayo yalitolewa katika ubingwa wa dunia, na mwaka 2021 yakarudishwa, makao yake yakiwa Naivasha.

Sikilizeni hesabu yake. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakafika 7. Mwaka 1968 yaliondoka magari 93, yakafika 7 tena. Mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki, akiwa na msaidizi wake Paddy Cliff, katika Peugeot 404. Magari 86 yaliyobaki njiani mwaka 1968 hayakuanza safari yakiwa mabovu. Yalikuwa yamekaguliwa, yamepakwa rangi, yamebandikwa namba, na watu waliyapigia makofi. Mengine yalizama topeni, mengine yalichelewa kupita muda uliowekwa, mengine yalivunjika. Barabara ndiyo iliyoyapata.

Msikilizaji ambaye hajawahi kuendesha gari hudhani kwamba gari likiumia husimama. Laiti ingekuwa hivyo! Gari lililoumia mara nyingi huendelea kwenda. Chukueni shokapu, kile chombo kinachotuliza mtikisiko wa springi. Kazi yake kubwa ni kulikaza gurudumu lisiachane na ardhi. Starehe ya abiria ni jambo la ziada. Shokapu ikifa, gurudumu hudunda kama mpira. Na tairi lililo hewani, hata kwa kitambo kidogo sana, haliwezi kushika breki wala kukata kona. Basi dereva hana budi kuanza kufunga breki mapema kuliko jana, na kuingia kona polepole kuliko jana. Labda anapoteza sekunde 2 katika kila kilometa. Sekunde 2 ni nini? Lakini katika kipande cha kilometa 30 amekwisha kupoteza dakika nzima, na katika mashindano kama yale ya mwaka 2021, yaliyokuwa na kilometa zipatazo 320 za kushindania, angepoteza zaidi ya dakika 10. Kwa dakika 10 hata jina lake halitajwi tena kati ya washindani.

Hayo ni madhara yanayopimika kwa saa. Yapo mengine. Dereva ambaye gari lake limeumia hupoteza imani nalo. Zamani alikuwa akitazama mbele na kumsikiliza msaidizi wake anayemsomea njia. Sasa nusu ya masikio yake yapo chini ya gari, yanasikiliza ule mlio. Je, umezidi? Je, ni ekseli? Usukani ukivuta upande mmoja, mikono yake hushindana nao kutwa nzima, na jioni amechoka kuliko wenzake waliokwenda kasi zaidi. Tena jeraha halikai mahali pamoja. Gurudumu moja likilegea, mzigo wake huhamia kwa mengine matatu. Tairi lililopasuka likiendelea kuzungushwa hukatika vipande, na vipande vile huchapa bati la gari kwa nguvu hata kulirarua, na mara nyingine hukata mpira wa breki. Rejeta yenye tundu dogo la jiwe humwaga maji yake taratibu. Dereva haoni kitu mpaka injini imeungua. Kitu cha shilingi chache kimeua kitu cha mamilioni.

Ndugu zangu, hivi ndivyo dhambi inavyofanya kazi ndani ya mtu. Hamtaona mtu ametenda dhambi akaanguka palepale njiani. Anaendelea kwenda. Analima alizeti yake, anauza vitunguu vyake mnadani, anakuja Misa, anatoa zaka. Lakini mwendo wake umebadilika. Sala aliyokuwa akiisali kwa furaha sasa ni mzigo. Zamani mtoto akikosa alimwonya na yakaisha. Sasa anafunga breki mapema, anafoka kabla hajaelewa. Mume mwenye siri moja mjini hawezi tena kuketi na mke wake bila kusikiliza ule mlio: simu imelia, ni nani? Jirani amekuja, amesikia nini? Nusu ya moyo wake ipo chini ya gari. Na mzigo ambao yeye hawezi kuubeba umehamia kwa wengine: mke amechoka bila kujua sababu, watoto wamekuwa wakali kwa wenzao shuleni, nyumba nzima inavuta upande mmoja. Mafundisho ya Kanisa hutenganisha dhambi ya mauti, ile inayoondoa neema ya utakaso rohoni, na dhambi nyepesi. Ile ya kwanza huizima injini. Lakini msiidharau hii ya pili. Hiyo ndiyo sekunde 2 kwa kila kilometa.

Sasa tufike penye uamuzi. Dereva amepata pancha katikati ya njia. Akisimama, yeye na msaidizi wake washuke, wapige jeki, wabadilishe gurudumu, watapoteza kama dakika 2, na wenzao watawapita wakiwatimulia vumbi. Asiposimama, huenda akafika, huenda akaharibu yote. Madereva wazuri hupiga hesabu: ikiwa imebaki kilometa moja au mbili, wanasonga taratibu, ikiwa zimebaki nyingi, wanasimama mara moja. Anayeshindwa kusimama kwa kuona haya, kwa sababu watu wamejipanga kandokando ya barabara wakimtazama, huyo amekwisha kushindwa, ingawa bado anakwenda.

Haya yetu ni kubwa kuliko ya madereva. Nimewafahamu Wakristo waliokaa miaka 10, miaka 20, bila kuungama, na ukiwauliza kwa upole wanakuambia kwamba padre anawafahamu, au kwamba foleni ya kiungamio ipo mbele ya macho ya watu. Mwenyekiti wa jumuiya anaona vigumu kuonekana amepiga magoti pale. Katekista naye anaona vigumu zaidi. Basi wanasonga na pancha, na bati linararuka.

Wapo pia wa namna nyingine, nao niwataje kwa haki: wale wanaosimamisha gari kila wanaposikia kokoto. Wanaungama leo, kesho wanarudi na jambo lilelile lililokwisha kuondolewa, hawaamini kwamba fundi amelitengeneza. Hao nao hawafiki. Ukishaondolewa dhambi, endesha.

Mwaka ule wa 2021 huko Naivasha yalitokea mambo mawili ambayo ningependa kila kijana anayenisikiliza ayafikiri. Mfaransa Sébastien Ogier alipata tatizo la shokapu siku ya Ijumaa, akapoteza muda mwingi. Alijikokota hadi kwa mafundi wake, gari likatengenezwa, akaendelea. Mbelgiji Thierry Neuville alikuwa akiongoza hadi Jumapili asubuhi, mbele ya wenzake kwa karibu dakika moja. Katika kipande cha kwanza cha Jumapili shokapu ya nyuma ya gari lake ikavunjika, na safari yake ikaishia hapo. Ogier ndiye aliyeshinda. Simhukumu Neuville, mawe ya Naivasha hayachagui mtu, na hakuna ushahidi kwamba yeye alikosa kuliko mwenzake. Lakini tazameni: aliyeumia Ijumaa alishinda, na aliyekuwa mzima Ijumaa hakufika. Kwa hiyo wewe uliyeumia mapema, uliyepata mtoto kabla ya ndoa, uliyefungwa gerezani ukiwa kijana, usijihesabu kuwa umekwisha. Na wewe ambaye hujawahi kuanguka, shika usukani vizuri. Jumapili asubuhi haijafika.

Lakini kati ya madereva wote wa Safari, ninayempenda zaidi kumtolea mfano ni Joginder Singh, Mkenya aliyezaliwa Kericho mwaka 1932 na kufariki mwaka 2013. Hakuwa wa dini yetu, alikuwa Singasinga. Alishinda mwaka 1965 kwa Volvo iliyokwisha kutumika, akiwa na ndugu yake Jaswant, akashinda tena mwaka 1974 na mwaka 1976 kwa Mitsubishi. Ushindi mara tatu ni sifa kubwa, ingawa Shekhar Mehta alimpita, maana yeye alishinda mara tano. Kinachonishangaza kwa Joginder ni hesabu nyingine. Alianza Safari mara 22, akafika mara 19. Kumbukeni ile miaka ambayo magari 7 tu yalifika! Kabla hajajulikana kama dereva, Joginder alikuwa fundi wa magari. Fundi akisikia mlio hajidanganyi. Anajua ni kitu gani kinalia, anajua kinaweza kuvumilia umbali gani, na anajua wakati wa kupunguza mwendo ili gari lifike mahali pa kutengenezwa. Sisi tunaita jambo hilo kuchunguza dhamiri. Mtu anayefanya hivyo kila jioni, kwa dakika chache kabla ya kulala, anajifunza sauti ya gari lake.

Nanyi mnajua kanuni za siku hizi? Katika mashindano ya dunia mafundi hawaruhusiwi kumfuata dereva kila mahali. Wapo mahali pamoja, wanapewa muda uliopimwa, kwa kawaida dakika 45 jioni, na wakizidisha dereva anaadhibiwa. Huko njiani hakuna anayeruhusiwa kuligusa gari isipokuwa dereva na msaidizi wake, kwa vifaa walivyobeba wenyewe. Ndiyo maana utawaona wamefunga chuma kilichovunjika kwa mkanda, ili mradi wafike. Sisi nasi tunabeba kifaa kama hicho: sala ya kutubu. Aliyeko porini na mifugo, aliye machimboni, dereva wa lori aliye njiani kwenda Kigali au Bujumbura, wakianguka dhambini wasingoje Jumamosi ya mbali bila kufanya kitu. Watubu papo hapo kwa kumpenda Mungu, wakikusudia kuungama mara wanapopata nafasi. Mkanda ule utawashika. Ila mkanda si chuma, na dereva anayefika kwa mafundi wake akapita bila kusimama kwa kuwa mkanda bado unashika, huyo hana akili.

Kwa mafundi kuna kazi. Wazee wa Iramba wanaukumbuka mlima Sekenke kabla ya lami, jinsi malori yalivyouteremka polepole, utingo akiwa tayari na gogo la kuzuia gurudumu. Hakuna dereva wa Sekenke aliyekwenda gereji akamwambia fundi, "Gari langu lina ubovu fulani fulani," akanyamaza. Alisema: breki ya nyuma, upande wa kushoto, imeanza jana. Muungame hivyohivyo. "Nimekosa katika amri zote" si maungamo. Taja kitu, taja mara ngapi, basi. Padre hatashangaa, na siri ya maungamo hairuhusiwi kuvunjwa hata kama padre angetishiwa kuuawa. Kanisa linamtaka kila mwamini aliyefikia umri wa kutambua aungame dhambi zake za mauti walau mara moja kwa mwaka. Agizo hilo lilitolewa na Mtaguso wa Nne wa Laterano mwaka 1215, na miaka mingine mingi imepita watu wakililalamikia.

Jambo moja zaidi, ambalo wengi hawapendi kulisikia. Gari likitengenezwa, dakika zilizopotea hazirudi. Dereva anatoka kwa mafundi akiwa na gari zima, lakini deni lake la muda bado limeandikwa kwenye karatasi. Ndivyo ilivyo pia kwa dhambi. Mungu ameisamehe, imekwisha. Lakini mbuzi uliyemwiba jirani yako bado ni wa jirani yako. Fedha za chama ulizokula bado ni za wanachama. Jina la yule binti ulilolichafua kijijini bado ni chafu, na ni wajibu wako kuzunguka nyumba kwa nyumba kulisafisha. Zakayo alilielewa hilo kabla hajaambiwa. Maondoleo hukupa nguvu ya kulipa. Deni lenyewe ni lako.

Nawafikiria pia wale ambao gari lao haliwezi kutengenezwa leo. Ninyi mnaoishi katika ndoa ambayo Kanisa haliitambui, mwenzi wa kwanza bado yu hai, na watoto wamekwisha kuzaliwa katika nyumba ya pili. Mnasikiliza mahubiri haya na kusema, "Padre anazungumza na wengine." Hapana, ninazungumza nanyi. Kipuri chenu huenda hakipo gereji leo. Huenda lazima kiagizwe mbali, kwenye mahakama ya kijimbo, na kuchukua miaka. Huenda njia itakuwa ndefu kuliko ninavyoweza kuwaahidi kwa redio. Lakini msilifiche gari porini. Lileteni uani. Njoni Misa, salini na jumuiya, mwoneni paroko wenu mkiwa wawili, mweleze yote tangu mwanzo. Mwaka 2016 Baba Mtakatifu Fransisko aliwaandikia wachungaji wote kwamba watu walio katika hali hizo wasindikizwe kwa uvumilivu na wasihesabiwe kuwa wametupwa nje ya Kanisa. Mwendo wa kilometa 20 kwa saa ni mwendo.

Nirudi kwa Mtume Tomaso. Dominika ile ya kwanza hakuwapo. Injili haisemi alikuwa wapi. Alikuwa ameumia kama wenzake, lakini ameumia peke yake, mbali na wote. Siku ya nane alikuwapo, pamoja na mashaka yake yote, na hapo ndipo Bwana alipomjia. Kama Tomaso angekaa mbali mpaka mashaka yake yaishe kwanza, angekaa mbali mpaka leo.

Na Bwana aliyemjia alikuwa na majeraha. Hapa mfano wa magari unafika mwisho wake, maana fundi mzuri hutaka gari litoke bila alama yoyote, lakini Baba alimfufua Mwana wake akiwa na alama za misumari. Angeweza kuziondoa. Aliyeshinda mauti hakushindwa na kovu. Alizibakiza ili Petro aliyemkana azione, ili wote waliokimbia wazione, na wafahamu kwamba yule anayewatakia amani ndiye yuleyule waliyemwacha, wala hakusahau, na bado anawatakia amani. Mwaka 2000 Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili aliipa Dominika hii jina la Huruma ya Mungu, na picha tunayoiheshimu siku ya leo inaonyesha miale miwili ikitoka kifuani pale pale mkuki ulipopita.

Hivyo wewe ambaye umeungama, umeondolewa, na bado watu kijijini wanakumbuka ulichokifanya, usiudhike sana. Kovu lipo. Bwana wako naye analo. Kijana aliyeacha pombe baada ya kupoteza kila kitu anaweza kumwambia mlevi neno ambalo mimi padre, nikisema, halisikiki.

Juma hili mapadre wakae kiungamioni kwa muda mrefu kuliko kawaida, nawaomba hivyo ndugu zangu mapadre mnaonisikiliza. Anayeona haya kwa paroko wake aende parokia ya jirani. Ni haki yake, wala hahitaji kueleza sababu. Aliyesahau namna ya kuungama amwambie padre hivyo tangu mwanzo, naye atamwongoza hatua kwa hatua. Na mgonjwa asiyeweza kutoka kitandani ampelekee habari mwenyekiti wa jumuiya yake leo hii, mapema, ili padre ajue nyumba ya kwenda.

Tumsifu Yesu Kristo.